Mwanga Mweupe Ghorofa ya Nne

"Akiganda tena ngazini, nampeleka hospitali mwenyewe, kwa toroli!" Bibi Roquebert alifoka.

"Jaribu, uone kama hutatangulia wewe!" Honorine alimjibu, mikono ingali na povu la sabuni.

Bibi Roquebert ndiye mlinda mlango wa jengo letu hapa Paris, na hakuna barua inayopita asiijue harufu. Kilichomwasha ni Zélie, mdogo wake Honorine, aliyerudi wiki iliyopita kwa ruhusa, baada ya miaka minne katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kule madaktari walimtia usingizi wa bandia, macho wazi: wanawasha utepe wa magnesiamu, mwanga mweupe unampiga usoni, naye anaganda kama sanamu. Kila Ijumaa, mbele ya mabwana na mabibi waliojaa ukumbini. Msinitazame hivyo. Nusu ya mtaa tulikwenda.

Adhuhuri hiyo msaidizi wa daktari angekuja na kamera. Zélie akiustahimili mwanga, wanamwachia. Akiganda, Jumatatu anarudi, na safari hii hakuna kutoka.

Honorine alikuwa amemzoesha wiki nzima. Alinunua utepe kwa mwuza dawa, akafunga mapazia, akawasha. "Nitazame mimi, mdogo wangu, usiutazame moto." Vidole vilimwungua, lakini mwishowe Zélie akawa anapepesa macho tu, kama sisi.

Msaidizi akaja. Tukajazana chumbani, Roquebert mbele kabisa. Utepe ukawashwa, chumba chote kikawa cheupe hadi nikaona vumbi juu ya kabati. Zélie akapepesa macho.

"Sijaganda, dada! Sijaganda!"

Roquebert akapiga makofi. Kwa furaha, nakwambia, si kwa ubaya. Nasi tukamfuata, kama tulivyozoea ukumbini.

Mikono ya Zélie ikapanda yenyewe. Shingo ikapinda. Akaganda.

"Acheni! Jamani, acheni!" Honorine alitupigia kelele.

Msaidizi alishapiga picha. Honorine akamkimbilia ngazini, akamshika koti. "Bwana, ni makofi, si mwanga! Mjaribu tena, nakusihi!"

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Jumatatu asubuhi."

Tukaondoka mmoja mmoja, tukikwepana macho. Roquebert alibaki kizingitini, mikono kaificha chini ya aproni, machozi yakimtiririka. Mimi nami nilichelewa kuondoka, nikawa nyuma yake. Honorine aliporudi alimpita mlangoni, akaketi sakafuni.

Baada ya robo saa Zélie akashusha mikono. Akamwangalia dada yake, akaelewa. Akachukua bakuli, akachota supu ya kabichi.

"Mama Roquebert, mbona umesimama mlangoni? Ingia ule."