Kabula na Ernestine Wapeane Mikono

...na sabuni hii nayo haitoki mikononi, au ni yeye asiyetaka itoke, kwa sababu akiinuka tu hapa kwenye beseni, nyuma ya jiko la Aristide, baba wa binti, hapa kijijini Mishamo, itabidi aingie sebuleni, na humo wakwe wamekwama, ng'ombe wamekubaliwa, siku imekubaliwa, limebaki moja, washenga wapeane mikono mbele ya watu ndipo Luhende apewe Providence wake, Kabula wa upande wa mume na Ernestine wa upande wa mke, na wote wawili wako hapa, wamechuchumaa, wanasugua kucha zilezile... Nyamizi wewe, mtoto wa kijiji cha Mamba, shetani gani kakutuma uvae watu wawili, lakini ona alivyowalea, Kabula na kilemba chake kisogoni, akicheka kuku wanatawanyika, Wasukuma wa Mwamkulu wanaapa ni damu yao, na Ernestine, kitenge begani, anafunika mdomo akicheka, Kirundi chake cha taratibu hakiamshi hata mtoto, na ule ugomvi wao sasa, jamani, Kabula kasema Ernestine ana maringo, Ernestine kanuna, mpaka Kabula akamtumia kuku wa kuomba radhi, na kuku mwenyewe mtamu, alimla peke yake, mlango kaufunga... "Mayu Kabula, mama yetu," ni Masele, baba yake Luhende, anaita kupitia dirishani, "huyo mwenzako kafika? Bila yeye sisi tunarudi na ng'ombe wetu." Warudi, na yule binti gauni keshashona... apite kwenye mahindi akimbie, aseme Ernestine kafariki, amuue Ernestine? Moyo ukagoma, bora afe Nyamizi, huyo nani anamjua, kazi yake kusukuma baiskeli ya mihogo, hata salamu yake haisikiki... na hapo ndipo akakijua kinachomuuma miaka yote, si kuogopa kukamatwa, ni kwamba kazi nzuri kiasi hiki hakuna jicho hata moja lililowahi kuwaona wote pamoja... "Masenge Ernestine," Providence mwenyewe, anaita kutoka mlango wa jiko, "shangazi, wanakungoja wewe tu." Anakuja mwanangu, wanakuja wote, kilemba cha yule na kitenge cha huyu, wacheke, wakasirike, wakishacheka nani tena atafungua ng'ombe awarudishe... na ndani ya beseni, chini ya povu, mkono wa kulia ukaushika wa kushoto, ukautikisa polepole, kwa heshima, na wa kushoto, ule wenye maringo, ukakubali.