Kisahani Kisicho na Namba

Selpha alikuwa amesema, na Selpha akisema amesema: Jumamosi Bildad, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kisumu, angefika kwao Asembo Bay, aichukue mashine ya Joram na kuacha toroli jipya. Joram, mumewe, alistaafu ufundi wa simu mwaka huo wa 1991. Mashine hiyo ya kunusa vyuma ardhini aliachiwa na mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Tangu hapo jembe lilimsahau. Alishinda ufuoni na visikizi masikioni, akirudi na misumari na vifuniko vya soda, uso umemchanua kama aliyetoka harusini.

Ijumaa mashine ililia penye msingi wa ghala la zamani la pamba. Joram akachimba, akatoa kisahani cha shaba chenye tundu moja. Alikisugua kwa majivu na limau mpaka kikawaka. Upande huu hakuna herufi, upande ule hakuna namba. Kikitambulika kuwa kitu cha maana, huenda Selpha angelegeza kamba.

Katekista alidhani ni medali iliyochakazwa na sala. Mwalimu mkuu akaapa ni pesa ya Waarabu. Kesho yake asubuhi Bildad alikiuma, akasema ni shaba tu, akauliza mashine iko wapi.

Dorca, mama yake Joram, alikuwa barazani akimenya njugu. Aliomba akishike. Akakipapasa kwa kidole gumba, kisha akacheka mpaka njugu zikamwagika.

"Tukileta pamba, karani alikuwa anakupatia hii kitu na namba, unangoja uitwe," akasema. "Lakini mama mwenye amebeba mtoto anapewa ile haina kitu. Haina namba, kwa hivyo hangoji."

Siku moja Dorca alipewa hicho, akakitia uzi, akamvisha shingoni Joram aliyekuwa mgongoni, hajaota hata jino la tatu. Joram akautafuna uzi, akakitupa nyasini. Karani akamrudisha Dorca mwisho wa foleni, na huko alisimama mpaka jua likatua.

"Nilikasirika, wuoda, mwanangu. Nikakuambia: hii kitu utaitafuta mpaka uipate."

Neno la mama mzazi si la kuchezewa. Hupanda basi na mtu likashuka naye. Joram aliketi chini taratibu. Maisha yake yote hajapita penye kitu kinachong'aa bila kuinama, na sasa alijua kwa nini. Alisikia raha, na aibu kidogo.

Selpha naye akaona mlango umefunguka. "Basi imepatikana, Mama. Kazi imeisha. Bwana Bildad, chukua mashine."

Joram alikuwa akiuviringa waya wa visikizi kidoleni, ameinamisha kichwa chake chenye mvi. Dorca akamtazama kitambo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hiyo siku nilipoteza pia herini yangu. Ya kushoto."

Bildad akaondoka na toroli lake. Selpha alimkazia macho mama mkwe, akachungulia sikio la kushoto, kisha la kulia. Tangu aolewe, miaka thelathini sasa, hajawahi kuona tundu kwenye lolote kati ya hayo. Akaingia jikoni kuteleka chai, akicheka peke yake.