Mwavuli wa Nadhiri

"Umekula?"

Kila asubuhi Sista Yeshi, muuguzi wa wodi, alimwuliza mdogo wake swali hilo kabla ya kumpa vidonge.

"Nimekula, Mungu ashukuriwe," Gashaw alijibu, kisha akapanua mdomo. "Haya, nitilie. Ila dada, kama nisingekuwa nimekula ungenipikia wewe? Tangu lini ukalijua jiko?"

"Meza, acha domo."

Gashaw alimeza. Yeshi alimchungulia hadi chini ya ulimi, kama kazi ilivyotaka, akaitazama sahani tupu pembeni mwa kitanda, maganda ya yai juu yake, akaridhika. Kisha akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, Mzee Seid.

Gashaw alikuwa akiugua kalaazar, homa inayoletwa na kuumwa na usubi. Aliipata Metema, kule bondeni kwenye joto, ambako vijana wa milimani huteremka kila mwaka kuvuna ufuta. Aliondoka na mabega mapana, akarudishwa kwa machela, mbavu nje, bandama imevimba tumbo zima. Wakati huo hospitali ya chuo kikuu ilikuwa inafanya utafiti: wagonjwa wengine wapewe sindano ya zamani, wengine vidonge vipya, ionekane kipi kinaponya zaidi. Sindano ile Yeshi aliijua vizuri. Iliuma na kuchosha moyo, na alishawahi kuwafunika shuka wengine ambao haikuwafaa. Kura ilipompangia Gashaw vidonge, alikwenda stoo akafunga mlango, akalia kwa furaha.

Daktari Fasika, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini aliyeuongoza utafiti huo, alimwambia mapema, "Yeshi, afadhali muuguzi mwingine ampe dawa. Huyu ni damu yako."

"Ndiyo maana nitampa mimi, Daktari. Nani atamwangalia vizuri kuliko mimi?"

Daktari hakuwa na wauguzi wa kuchezea, akakubali.

Vidonge vile vilikuwa na sharti moja. Bila mafuta tumboni havikuingia kwenye damu, vilipita tu na kwenda zao. Kwa hiyo kila mgonjwa wa utafiti aliletewa asubuhi na mapema mayai, maziwa na mkate uliopakwa siagi. Na Kwaresima ilikuwa imeanza. Mji mzima ulikuwa umefunga: hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa, na hadi saa tisa alasiri hata tone la maji halipiti kooni. Yeshi mwenyewe alikuwa akizungusha dawa wodini na tumbo lake likimlalamikia. Lakini wagonjwa walikuwa wamesamehewa. Abba Tekle, kasisi aliyekuwa baba wa roho wa familia yao, alikuja wodini mwenyewe na msalaba wake mkononi, akatangaza kwamba mgonjwa ale anachoambiwa na daktari, na Mungu hatamhesabia. Yeshi alikuwa amesimama palepale, akasikia kwa masikio yake. Basi moyo wake ukatulia, akaacha kufikiri. Ndipo mambo yalipoharibikia.

Kila Alhamisi idara za hospitali zilikutana kuelezana tafiti zao. Wa moyo walileta zao, wa figo zao, wa macho zao, na wa watoto ambao siku zote walizidisha muda. Alhamisi moja Daktari Fasika alisimama uso umenawiri. Vidonge vinafanya kazi, alisema. Wagonjwa wanateremka vitandani wenyewe. Akamtaja mzee mmoja aliyeingia mifupa mitupu na sasa mashavu yamejaa. Watu wakacheka kwa furaha, kwa maana Mzee Seid alijulikana hospitali nzima kwa kumposa kila muuguzi.

Halafu Daktari akashusha sauti. "Mmoja tu hatuelewi. Kijana wa kitanda cha tatu. Homa imemrudia, bandama haijapungua hata kidogo. Naona tumhamishie kwenye sindano."

Yeshi alikuwa amekaa nyuma na wauguzi wenzake. Alisimama bila kuitwa.

"Daktari, mpe siku chache. Anakula, anameza, namwona mwenyewe. Dawa inachelewa tu kwake. Ile sindano... nakuomba."

Daktari Fasika alimtazama kwa huruma, na huruma ni kitu kibaya kazini.

"Mpaka Alhamisi ijayo," akasema. "Si zaidi."

Jumatatu yake Yeshi alifika wodini mapema kuliko kawaida, kwa sababu mama yao alikuwa amemfulia Gashaw shuka na kumpa yeye ampelekee kabla ya zamu. Mama wa jikoni ndiyo kwanza alikuwa amepita na sahani. Mzee Seid alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu chini, akimenya yai. Mapajani alikuwa na sahani mbili.

"Mzee Seid, shikamoo. Hiyo sahani nyingine ya nani?"

Mzee akabaki na yai mkononi. "Marahaba, binti yangu. Ni... ya kijana."

"Kijana gani?"

"Huyu wetu." Akaelekeza kidevu kitanda cha tatu. "Yangu nimeshamaliza."

Yeshi aliweka shuka chini. "Umeanza lini kula chakula chake?"

"Tangu mfungo wenu uanze. Alinisihi, mwanangu! Akasema yeye amefunga, na kukitupa chakula ni dhambi, basi mimi Mwislamu nisiye na Kwaresima nimsaidie. Nikasema kijana mcha Mungu huyu. Mimi nikadhani unajua! Wewe si dada yake?"

Yai likamtoka mzee mkononi. Gashaw alifumbua macho, akatabasamu kwa midomo iliyokauka.

"Usimgombeze, dada. Mtazame nilivyomnenepesha. Muuguzi yeyote atamkubali sasa."

"Gashaw, unataka kunitia wazimu? Kila siku nakuuliza umekula!"

"Na kila siku nakujibu. Saa tisa si ninakula? Mkate wangu wa injera na mchuzi wa shiro, analeta Mama. Ukiniuliza asubuhi, ningesema nini? Nikwambie nina njaa, kama mtu asiyelelewa?"

Nyumbani kwao, hata mwaka ule mvua ilipokataa kunyesha na ghala likawa na panya tu, mgeni akiuliza walijibu wamekula, Mungu ashukuriwe. Yeshi mwenyewe alikuwa amejibu hivyo asubuhi ile ile, getini, kwa mlinzi, na tumbo lake tupu. Na mtu aliyefunga haendi akijitangaza, saumu ni yake na Mungu wake. Mtoto yeyote wa milima ile angelijua hilo. Daktari yeyote aliyetoka ng'ambo angeweza kusamehewa. Yeshi, aliyezaliwa tumbo moja na Gashaw, alijisamehe kwa lipi?

"Abba Tekle alikuruhusu," akasema. "Nilimsikia."

"Abba aliniruhusu. Mama ndiye hakuniruhusu." Maneno yalikuwa yanamchosha. "Siku niliyoshushwa kwenye machela, aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Giyorgis. Akasema, mwanangu atafunga Kwaresima yote bila kuvunja hata siku moja, nawe mponye, nami nitakuletea mwavuli wa kanisa. Alishika mkono wangu akisema. Nikasema amina. Sasa nile yai, halafu nimtazameje?"

"Na mimi je?"

"Wewe nilikumezea vidonge vyako vyote. Hata kimoja sikutema." Akamshika kidole, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo wakivuka mto. "Sikutaka mgombane, wewe na yeye."

Kijana wa watu! Aliwatii wote wawili, mama na dada, na kila mmoja alikuwa anamvuta upande wake kwa mapenzi.

Yeshi alitaka kukimbia kwa Daktari, lakini Gashaw hakukiachia kidole.

"Mama asijue, dada. Nikipona nitamwambia mwenyewe, tutacheka. Nisipopona asijue kabisa. Akijua ni ile nadhiri, utazika wawili. Niapie."

Yeshi akaapa.

Sindano ilianza siku ile ile. Yeshi alipomweleza, Daktari Fasika hakumlaumu kwa neno hata moja, jambo lililouma kuliko kama angemlaumu. Alimkalisha mwenyewe kwenye kiti kando ya kitanda na kumwambia leo wewe si muuguzi. Kesho yake saa tisa Gashaw alikunywa uji kidogo, mkono wa Mzee Seid ukimwinua kichwa, na Yeshi akathubutu kutumaini. Lakini ugonjwa ulikuwa umekula nguvu zote za damu yake. Alianza kutoka damu puani, halafu kwenye fizi. Walimwongezea damu ya watu wengine, Yeshi akatoa yake, na bado haikukatika. Akafa katika juma la mateso, Pasaka ikiwa inanukia, mchana kweupe, mama yao akiwa njiani kuja na kikapu cha chakula cha saa tisa.

Mzee Seid aliruhusiwa kurudi kwake juma lile lile. Aliondoka kwa miguu yake, mashavu yamejaa, akilia njia nzima hadi getini kama mtu aliyeiba.

Kwenye hema la msiba, mama yao Asnaku alikuwa akijipiga kifua hata wanawake wakamshika mikono. Yeshi alipoinama kumkumbatia, alimsukuma.

"Usiniguse! Wewe na dawa zenu. Mlimfanya panya wenu wa kujaribia, mwanangu. Nilikwambia Giyorgis atamponya, ukaniletea vidonge. Mliniulia!"

Wanawake wote waliokuwa hemani waligeuka kumtazama Yeshi. Sentensi moja tu ingemtoa kwenye aibu ile. Ilifika hadi kwenye meno, akaimeza. Ilimwuma, na asiye na mama wa kumlinda asijidai kwamba anaelewa ilivyomwuma. Akaenda kukaa pembeni kabisa, karibu na wachota maji, akafunika uso kwa shali.

Lakini wakubwa wa utafiti Yeshi hakuwaficha. Alhamisi baada ya matanga alisimama mbele ya idara zote akaeleza yai lilikokwenda, na kwamba vidonge havikushindwa kwa kijana yule, ila havikuwahi kuingia kwenye damu yake. Daktari wa figo akauliza kwa nini hakuna aliyefikiria Kwaresima. Aliyemjibu ni Daktari Fasika.

"Hata mimi nilikuwa nimefunga," alisema. "Hata wewe. Nani kati yetu angeuliza zaidi ya pale alipouliza Yeshi?"

Tangu siku hiyo muuguzi hakuuliza tena. Alivuta kiti, akakaa na mgonjwa mpaka amalize kula, ndipo akatoa dawa. Watu wakapona. Yeshi alikuwa anawaangalia wakitafuna, na kila aliyepona alimfurahisha na kumchoma moyo kwa pamoja.

Mama yake hakusema naye hadi sikukuu ya Giyorgis ilipokaribia. Ndipo alipomtumia jirani: aje, amsindikize kanisani. Yeshi alimkuta amesimama mlangoni, kichwa kimenyolewa kwa msiba, nguo nyeusi, na mikononi mwavuli mpya wa kanisa, mwekundu wa mahameli, mashada ya dhahabu yakining'inia pembeni.

"Mama... unaupeleka?"

"Nadhiri ni nadhiri. Shika huku, ni mzito."

Walikwenda wakiubeba pamoja. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu waliovaa nyeupe. Desturi ni kwamba anayeleta nadhiri husema mbele za watu alichotendewa, na wanawake humpigia vigelegele. Basi walipouona mwavuli unapanda juu ya vichwa, wanawake wakaanza, vigelegele vikapaa. Kisha wa mbele wakaona nguo nyeusi, wakaona kichwa, wakamtambua. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Abba Tekle alishuka ngazi kumpokea, naye akasita.

Asnaku alisimama wima. Hakuwa na chozi.

"Sikutendewa nilichoomba," alisema, na uwanja mzima ukasikia. "Mwanangu sinaye. Lakini tuliahidi wawili, mimi na yeye. Yeye alifunga. Mgonjwa, amelala, wanamwekea mayai na maziwa mbele yake, akafunga. Nilimwuliza kila saa tisa, akaniambia, Mama, sijavunja. Hakunidanganya. Hakunivunjia hata siku moja. Kwa hilo nimekuja. Kwa hilo mnipigie vigelegele."

Hakuna aliyethubutu. Wanawake walitazamana, mikono midomoni.

Mama akageuka. Macho yake yalimtafuta binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu msibani hayakuwa na hasira, yalikuwa yanaomba.

"Yeshi," akasema taratibu. "Wewe ulikuwa naye. Waambie. Si alifunga?"

Yeshi alimwona Gashaw amemshika kidole. Aliliona yai likimtoka mzee mkononi.

"Alifunga, Mama," akasema. "Siku zote."

Kisha akainua kichwa, akafumba macho, akapiga kigelegele cha kwanza.