Ukuta wa Hoteli ya Muhidini

Mdogo wangu Muhidini alikuwa na akili nyingi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Alipokuja Mbeya kufungua hoteli ya chai, miaka ile ya hamsini, ndevu zake zilikuwa bado za kuhesabika, lakini alikuwa na jibu la kila swali, hata lile ambalo hakuulizwa.

Baba yetu, Mzee Muharami, alikuwa na duka la nguo Iringa, pale Miyomboni. Alitaka mwanawe asimame nyuma ya meza apime kaniki. Muhidini akasema hawezi kuzeeka na yadi mkononi. Walivutana mpaka baba akakubali shingo upande. "Nenda," alimwambia. "Maulidi yakipita nitakuja mwenyewe. Nikikuta viti vina watu, nitakula, nitashukuru, nitarudi zangu. Nikikuta vitupu, tutarudi wote kwa basi moja."

Mimi nilikuwa nimeolewa Mbeya, kwa hiyo alishukia kwangu. Nilimpa masufuria, birika na ushauri. Masufuria na birika alipokea.

Nyumba aliyopanga ilikuwa karibu na pale yanapopakia malori ya Chunya. Ilikuwa na chumba cha mbele cha wateja na cha nyuma cha jiko, na kitu cha kwanza alichofanya ni kubomoa ukuta wa katikati.

"Dada Rukia, mteja akiona chakula kinavyopikwa anapata hamu," alinieleza, vumbi limemjaa kichwani. "Tena anajua hakuna uchafu."

"Ukuta uache," nilimwambia. "Mpishi wako ni Mnyakyusa, na ana wakwe hapa karibu."

"Mpishi ni mpishi, dada. Wakwe zake wananihusu nini?"

Nikamwacha abomoe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe halikuwa langu.

Mpishi huyo alikuwa Yudith, au Mama Damari, mke wa Isakwisa, dereva wa lori la Chunya. Yule mama alikuwa na mkono. Ukila ndizi zake na maharage unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Asubuhi ya baridi, harufu ya sufuria yake ilifika barabarani na kuwavuta watu kwa pua. Wapakiaji wa malori, mafundi cherehani, wauza kahawa, wote waliingia, na Muhidini alizunguka katikati yao amevaa kofia mpya, anajiona tajiri tayari.

Ndipo siku moja mzee mmoja mrefu akasimama mlangoni. Yudith aliinua macho, mwiko ukamtoka mkononi. Alijifunika kanga kichwa kizima, akainama, akampa mzee mgongo na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma. Mzee naye akageuzia uso barabarani, kama mtu aliyeona kitu muhimu sana kule, akaondoka. Maharage yakaungua mpaka chini.

Muhidini alimfuata Yudith uani. "Mama Damari, yule mzee anakudai?"

"Ni baba yake Isakwisa. Mzee Lutengano."

"Sasa?"

"Sasa siwezi kukaa naye chumba kimoja. Simwangalii, na yeye haniangalii. Kwetu ndiyo heshima ya mkwe."

"Si wewe ni Mkristo?"

"Mchungaji alisema si lazima," Yudith alijibu kwa upole. "Sikubishana naye. Lakini hata mama yangu sikubishana naye."

Ingekuwa mzee mmoja tu, pengine wangeweza kumwotea. Lakini kwa Wanyakyusa ndugu wa baba mkwe nao ni baba wakwe, na Mzee Lutengano alikuwa na ndugu wengi kuliko vikombe vya Muhidini, wote wapenzi wa chai. Akiingia mmoja, mpishi anatoka. Juma lile Yudith alikaa uani zaidi kuliko jikoni, na wateja walikula ndizi ambazo upande mmoja ni mbichi na upande mwingine ni makaa.

Sasa ona akili ya mdogo wangu. Hakuja kuniuliza, wala hakumuuliza Yudith afanye nini. Alisimama mlangoni, na Mzee Lutengano alipotokea akamwambia, "Samahani mzee, chai ukanywe kwingine. Unanikimbizia mpishi."

Mzee alimtazama kidogo. "Ndaga," alisema, yaani asante, akaenda zake na fimbo yake.

Kesho yake viti vilikuwa vitupu. "Hatuli mahali mzee wetu alipofukuzwa," alisema mpakiaji mmoja akipita, wala hakusimama. Wanyakyusa walipoacha kuingia, Wasafwa na wengine nao wakaacha, kwa sababu nani anaingia hoteli isiyo na watu? Isakwisa alikuja kumchukua mkewe. Hakugomba. Alibeba hata mwiko wake.

Muhidini akaingia jikoni mwenyewe. Nilionja ile chai yake, ilikuwa na ladha ya moshi na majuto.

Maulidi yakapita. Dereva mmoja aliyetoka Iringa akatuletea salamu kwamba baba anakuja Jumamosi. Muhidini alikuja akakaa kwenye kigoda jikoni kwangu, akalia machozi ya kweli. Aliipenda ile hoteli. Nilimwona anavyofuta meza ambazo hakuna aliyezichafua, na roho iliniuma. Lakini kumbembeleza sikumbembeleza. Nilimtupia kanzu safi nikamwambia anawe uso, tunakwenda kuomba radhi.

Tulimkuta Mzee Lutengano nyumbani kwake Uyole, amekaa nje anachonga mpini wa jembe. Tulimpa sukari tuliyobeba, Muhidini akapiga goti, akaomba radhi bila kuongeza maelezo. Nilishangaa, maana maelezo yalikuwa chakula chake.

Mzee aliweka kisu chini. "Kijana, unadhani nilikuja kwako kutafuta chai? Chai iko kila mahali."

Alipangusa vumbi la mti magotini.

"Mwanangu alipooa, mimi nilitoa ng'ombe na moyo mweupe. Kutoka siku hiyo nikawa naletewa chakula na watoto, kimefunikwa vizuri. Mimi nakula, nashukuru, aliyepika simuoni. Halafu wakahamia mjini, chakula hicho kikaisha. Sasa siku ile napita pale kwa malori, nikasikia harufu ya maharage." Alicheka kidogo. "Uso wake siujui, ila mkono wake naujua. Miguu ikaingia yenyewe."

Nikajifanya naangalia kuku. Nilitegemea Muhidini atasema neno la kiakili. Badala yake akasema, "Sasa tufanyeje, mzee?"

Ndugu msomaji, huyu nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni.

"Nyumba yako si ilikuwa na ukuta?" alisema Mzee Lutengano. "Tuurudishe."

Kesho yake walikuja kundi zima, wazee wa rika lake, waliokua pamoja na wakaishi kijiji kimoja, na mpaka leo mmoja wao akiitwa wanaitika wote. Walikuja na mianzi, kamba na majembe. Wakakandika udongo huku wakitaniana, na Muhidini akibeba maji. Yudith alikuwa amekuja na mumewe, anasubiri uani. Mzee Lutengano ndiye aliyeelekeza tundu la kupitishia sahani liwe chini, usawa wa kiuno, ili mkono upite na uso usipite. Akaweka na sharti: mzee yeyote akifika mlangoni akohoe kwanza, aliye jikoni ajue. Ukuta ulipofika kimo cha mtu, tukasikia nyuma yake mwiko umeanza kazi. Wazee wakaacha utani, wakaongeza kasi.

Jumamosi baba alishuka kwenye basi na vumbi la njia nzima. Alifika hotelini akiwa amekunja uso, tayari kuhurumia. Hakupata pa kukaa. Wapakiaji walikuwa wamerudi, wazee walikuwa wamejaa, na kikohozi mlangoni kilikuwa kingi mpaka baba akauliza kama mji una ugonjwa. Ilibidi abanane benchi moja na Mzee Lutengano. Walisalimiana, wakaletewa ndizi, na baba hakusema neno mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Mpishi yuko wapi nimshukuru?" aliuliza, akainama kuchungulia tundu.

Mzee Lutengano akamshika kanzu. "Kaa, ndugu yangu. Huyo ni mke wa mwanangu." Kisha akasukuma sahani yake na kumwambia Muhidini kwa sauti ya kupita ukuta, "Mwambie aliyepika, mzee ameshiba. Mwambie ni chakula kile kile cha nyumbani."

Muhidini alifungua kinywa kupeleka salamu, lakini hazikuhitaji mpelekaji. Mkono ulitokea tunduni na sahani nyingine, imejaa mpaka ukingoni. Hakuna aliyekuwa ameiagiza. Mzee Lutengano aliivuta karibu, akaanza kula tena, naye ndiye aliyesema ameshiba.

Asubuhi tulimsindikiza baba kwenye basi. Kumbe alikuwa amekata tiketi mbili za kurudi, moja yake na moja ya Muhidini. Mzee Lutengano naye alikuja, na mkungu mkubwa wa ndizi begani. "Wa mama yake kijana," alisema. Baba aliuketisha dirishani, kiti cha pili, akauegemeza vizuri.

Kondakta alikuja akataka kuupandisha juu kwenye mizigo. Baba akamzuia kwa mkono.

"Kiti hicho kimelipiwa," alisema. "Aliyekuwa akikalie ana kazi."