Tyubu Kwenye Sanduku la Randa

Zamani zile mume wangu, fundi seremala, alikuwa akibeba mlango mzima begani, peke yake, huku akipiga mluzi ili nijue anapita. Nilikuwa nikishona dirishani, najifanya sisikii.

Miaka arobaini baadaye, sindano za saratani ya tezi dume zilimlegeza mpaka randa ikamshinda. Akawa anatota jasho bila sababu.

"Karibu chamani," nilimwambia, maana mimi nilipokoma hedhi na kupatwa na joto hilo alinicheka bila huruma. Safari hii alitabasamu tu.

Kisha kipimo cha damu cha saratani hiyo, kilichokuwa kimeshuka vizuri, kikapanda. Daktari wetu, binti wa umri wa kitinda mimba wetu, alituchorea duara kwenye karatasi.

"Hii ni seli ya saratani. Homoni ya kiume ikiifikia, inawasha jeni zake: vuta sukari, tengeneza mafuta, zaliana. Sindano inapunguza homoni, seli inakaa na njaa. Sasa ama seli zimejifunza kujitengenezea homoni zenyewe, ama kuna kinachozilisha. Baba, unatumia dawa nyingine?"

"Hakuna," akajibu upesi mno.

Tulipofika nyumbani nilifungua sanduku lake la randa, ambalo sikuwa nimewahi kuligusa. Ndani mlikuwa na tyubu ya jeli, imekamuliwa nusu.

"Nani kakupa?"

"Patasi." Hilo ni jina la utani la rafiki yake, walijifunza useremala pamoja. "Yeye anajipaka kifuani. Anasema inarudisha nguvu."

Nilisoma maandishi ya tyubu, damu ikanichemka. "Hii ni homoni ileile! Tunahangaika kuunyima ugonjwa chakula, wewe unaupelekea sahani!"

Akakaa kwenye benchi lake. "Nilitaka uniangalie kama zamani, mama watoto. Siku hizi unaniangalia kama mgonjwa."

Kwa miezi nilikuwa nikitazama vidonge vyake, miguu yake iliyovimba, sahani yake. Uso wake nilikuwa nimeusahau, na niliona aibu.

Tyubu tuliipeleka kwa daktari. Baada ya wiki kadhaa kipimo kilishuka, ila si hadi pale kilipokuwa. Baadhi ya seli, alisema, zilikuwa zimeshajifunza. Akaongeza dawa nyingine, hakuahidi kitu.

"Umenikasirikia?" mume wangu aliniuliza tulipotoka.

"Sana."

Nilisimama palepale barabarani, mchana kweupe, watu wakipita, nikamtazama usoni mpaka akaona haya.