Mpira Uliorudi kutoka Baharini

Paa!

Mlio ulikuwa mkavu, na ulimjia kijana kwa nyuma, maana kaka yake alimzoesha tangu zamani asimtazame mpinzani akipiga. "Ukimtazama utaiga makosa yake," ndivyo kaka alivyopenda kusema. Basi alikuwa ameinamia mkoba wake wa fimbo za gofu, anafuta vumbi lisilokuwepo, akaisikia fimbo ikikata hewa, akausikia mpira ukiondoka, kisha watazamaji wakaguta kwa pamoja.

"Uuu! Kautupa majini huyo!"

Hapo akainua kichwa. Mpira ulikuwa mbali juu ya bahari, nje kabisa ya ukingo wa jabali, mdogo kama punje ya mchele. Ukaning'inia. Kisha upepo ukaukamata, ukaupinda, ukaurudisha nchi kavu taratibu, ukautua katikati ya majani kama mtu anayemlaza mtoto kitandani.

Watu walipiga makofi. Waliona bahati. Yeye alijua kwamba hapakuwa na bahati yoyote pale.

Shimo hilo la kumi na sita lilifuata ukingo wa jabali mwanzo hadi mwisho. Kila mchezaji, kwa kuiogopa bahari, alilenga upande wa nchi kavu, na upepo wa baharini ukamsukuma zaidi mpaka vichakani. Miaka miwili yeye na kaka yake waliamka kabla ya jua, wakapiga mipira pale umande ukiwalowesha viatu, mpaka wakaupata ukweli wake: lenga baharini, lenga ule mwamba mweusi, upepo utakurudisha. Hawakumwambia mtu. Hata mama yao alipouliza wanakwenda wapi gizani, walimjibu "mazoezini," wakacheka njia nzima.

Na leo ilikuwa fainali. Mshindi angechukua nafasi moja iliyobaki katika timu ya taifa, nafasi ambayo kaka mwenyewe aliikosa bega lilipomharibikia, naye akaapa kwamba mdogo wake ataifikia, na leo ndiye aliyembebea mkoba. Alikuwa sare na mpinzani wake, mwanasheria, mashimo matatu yamebaki.

"Umeona hiyo?" mwanasheria alisema, uso umemchanua. "Upepo umenihurumia, shemeji."

"Shemeji? Tangu lini?"

Mwanasheria alimtupia kaka jicho, akacheka cheko fupi la mtu aliyekanyaga mkia wa paka. "Aa, utani tu. Piga, bwana, piga."

Alipiga. Akalenga mwamba uleule, upepo ukamrudisha palepale. Wakamaliza shimo sare.

Njiani kuelekea la kumi na saba aliiacha hatua yake ikawa fupi mpaka kaka akamfikia.

"Kaka, ule mwamba nani kamwonyesha?"

"Upepo hauna mwenyewe, mdogo wangu. Kila mtu anauona."

"Sikukuuliza habari za upepo."

Kaka aliuhamishia mkoba kwenye bega zima. "Mimi na dada yake tumekubaliana. Baba yao alikuwa hataki hata kunisikia. Huyu ndiye aliyenitetea kwao. Siku moja tumekaa, akaniuliza, hivi lile la jabalini nyinyi mnalichezaje? Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu hujui."

"Angejua namdanganya."

"Na mimi? Mimi si umenidanganya vizuri tu?"

Kaka aliharakisha hatua.

"La kumi na saba umemwambia?"

Kaka alikaza ukanda wa mkoba.

"La kumi na nane?"

"Yote," kaka alisema.

Kwenye la kumi na saba, bendera ilionekana karibu kuliko ilivyokuwa, ikiwadanganya wote. Mwanasheria alichomoa fimbo ndefu ya kupigia mbali bila kusita, fimbo ambayo mgeni wa siri hii asingeigusa. Ilikuwa kama kumwona mtu amevaa shati lako, tena limempendeza. Zile alfajiri zote zilimpita kichwani, umande, vicheko, mama mlangoni, na katika kila moja sasa alikuwepo mtu wa tatu, ameketi kimya, anasikiliza.

Sare tena.

Shimo la mwisho lilikatwa na mkono wa bahari ulioingia nchi kavu mbele kidogo ya bendera, karibu na jengo la klabu. Mwanasheria alipiga pigo fupi la kwanza, mpira ukasimama salama kabla ya maji.

"Na wewe ufupishe," kaka alinong'ona. "Upepo uko nyuma yako, lakini lile jengo linaukata. Ukijaribu kuvuka kwa pigo moja hutafika."

"Ndivyo ulivyomwambia na yeye?"

"Ndiyo. Kwa sababu ndivyo kulivyo."

Alimtazama machoni. Macho yalikuwa yaleyale, yaliyomfundisha kushika fimbo, na hakuona ndani yake uongo wowote. Lakini hakuuona jana pia. Akachomoa fimbo kubwa kuliko zote.

"Mdogo wangu, nakusihi."

Alipiga kwa nguvu zake zote. Mpira ulipaa vizuri, vizuri kupita kiasi, watu wakaanza kushangilia. Ulipofika usawa wa jengo ukapoteza pumzi, ukaanguka majini bila kishindo.

Kilichofuata kilikuwa kumalizia tu. Mwanasheria alishinda kwa utulivu, akampa mkono, na safari hii hakuthubutu kumwita shemeji.

Watu walipotawanyika, kaka alikuwa bado amesimama ukingoni, machozi yanamlengalenga. "Nilikuambia kweli," alisema. "Mara hii nilikuambia kweli."

"Najua."

Alikuwa akiyatazama maji. Tangu utoto hakuwahi kupiga pigo ambalo kaka hakulichagua. Lile lililozama ndilo lilikuwa lake la kwanza, na ladha yake bado ilikuwa mikononi mwake.

Akauvua mkoba begani mwa kaka, polepole, asiliumize lile bega bovu, akauvaa mwenyewe.

"Harusini nitakuja, kaka. Nitakusimamia mbele za watu, nitataniana na mashemeji mpaka wachoke. Lakini kesho alfajiri nitakuja hapa peke yangu, na nitakachokigundua huku sitakuambia. Hilo nakuahidi."