Usimpe Usingizi

Sauti ya baba ilikuwa imefika kwenye kuwaombea wagonjwa ilipoanza kuzama. Kwanza ikawa nzito, kisha ikavutika kama ya mtu anayeongea huku akishuka ngazi, halafu redio ikakwaruza na kunyamaza. Watu wanne walikuwa wamepiga magoti sebuleni, kila mmoja na kiti chake, nyuso zimeinamia mito. Hakuna aliyejua afanye nini. Baba alikuwa hajafika Amina, na katika nyumba ile mtu hainuki kabla baba hajafika Amina, hata sasa ambapo mwaka wa nne ulikuwa unapita tangu azikwe.

"Imemeza kanda," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Itoe taratibu, mwanangu," mama yake alimwambia. "Usiivute kwa nguvu."

"Basi tuseme Amina tuondoke," alisema Kitinda, dada yake mdogo. "Mimi nachelewa chuo."

"Amina ya sala ya nani?" mama aliuliza, na Kitinda akarudisha uso kwenye mto.

Fundi alifungua mlango wa redio ile kuukuu. Utepe ulikuwa umejizungusha kwenye gurudumu la mpira, umekunjamana mpaka basi. Wateja walimwita Fundi tangu alipofungua kibanda chake cha kwanza cha kutengeneza redio na spika, na nyumbani nako jina likamganda. Redio ile alishaitengeneza mara zisizo na idadi, akaibadilishia mkanda, akaisafishia kichwa cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti. Lakini kila mara mama alichomoa kanda kwanza, akaitia mfukoni mwa kanga. "Mashine chukua," alikuwa akisema, "kanda niachie." Leo kanda na mashine vilikuwa vimeshikana, na mama hakuwa na ujanja.

"Utaitengeneza leo?"

"Leo leo."

"Itengeneze tu. Usiisikilize."

"Mama, fundi gani anatengeneza bila kusikiliza?"

Mama aliinuka kwa kushika kiti, akaenda jikoni kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

Mke wa Fundi alimfuata mumewe mpaka barazani. Tumbo lake lilikuwa limeshachukua nafasi yote mbele yake, na siku hizo alitembea mkono mmoja ukiwa kiunoni. "Sema imeharibika," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sema haitengenezeki. Nani atakupinga? Wewe ndiye fundi."

"Ni sauti ya baba."

"Najua ni ya nani. Mimi nalala na wewe. Nakuona ukihesabu mabati usiku kucha." Aligeuka kutazama upande wa jikoni. "Mama yako nampenda, na sala naipenda. Nilikolelewa mimi hakuna aliyemwombea mtu. Lakini mtoto wangu hatazaliwa hapa ajifunze kuitikia Amina kwa maneno yale. Nitaenda kujifungulia kwa dada yangu, na sijui kama nitarudi."

Maneno yale. Hayakuhitaji kutajwa, kila mtu wa nyumba ile aliyajua kwa moyo. Baba alikuwa mhubiri, mkali wa imani na mwepesi wa machozi, na mtaa mzima ulikuwa ukileta shida zake mlangoni kwake. Fundi alipokuwa kijana mbichi alimwambia baba yake mezani, mbele ya wageni, kwamba yeye akisali hasikii mtu upande wa pili. Hakusema kwa kiburi. Alisema kwa sababu jambo hilo lilimtisha. Lakini baba alisikia kiburi, sahani zikasukumwa, na kabla ya juma kwisha kijana akawa amehamia mji mwingine na begi moja, na huko akajifunza ufundi wa redio na kufungua kibanda. Alirudi kumzika. Siku ya pili baada ya maziko mama aliweka kanda katika redio, akawaambia baba yao amewaachia sala, nao wakapiga magoti. Sala ilikuwa nzuri, ya kutuliza moyo, mpaka ilipofika mwisho.

Na huyu mwanangu wa kwanza, aliyeniambia mezani kwangu kwamba hakuna anayesikia, usimpe usingizi, Bwana. Usimpe usingizi mpaka apige magoti kwa hiari yake.

Amina, walisema wote, kisha mama akazima. Kila alfajiri wakasema Amina, naye akiwamo. Magoti alipiga, lakini yalikuwa ni kwa ajili ya mama, na aliamini kwamba aliye juu anajua tofauti, kama yupo. Kwa hiyo hakulala. Alisinzia kidogo pembeni mwa usingizi kisha akashtuka, usiku baada ya usiku. Daktari alimpa vidonge, vikamwacha na kichwa kizito na macho makavu. Huo ndio msiba wa mambo haya: mtu anaweza kuacha kumwamini Mungu na asiweze kuacha kumwamini baba yake.

Kibandani, mshona viatu wa jirani alimwona akipita na redio kifuani. "Fundi! Umeamka au ndiyo unapitiliza?"

"Napitiliza."

"Angalia usijiunge kidole na waya tena. Wateja watadhani wewe ni spika."

Fundi alicheka kidogo, akashusha pazia nusu. Alifungua skrubu, akalegeza gurudumu, akautoa utepe inchi kwa inchi kwa ncha ya kibanio. Ulikuwa umekunjamana tu, haukukatika. Aliulaza juu ya kioo, akaunyoosha kwa kitambaa laini. Kisha akatoa wembe mpya na gundi ya karatasi, akaviweka kando. Kazi yenyewe aliijua. Unatafuta neno la kwanza, unatia alama kwa penseli, unatafuta neno la mwisho, unakata, unaunga. Sala ingetoka kwenye wagonjwa na majirani na kufika Amina bila kumgusa. Mama angekasirika, lakini mke angebaki, na yeye pengine angelala.

Aliirudisha kanda katika mashine, akabonyeza. Baba aliongea kibandani mchana kweupe. Usimpe usingizi, Bwana. Akatia alama. Akaacha iende, atafute mwisho wa kukata. Amina, alisema baba peke yake, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumwitikia wala mkono wa mama wa kuzima.

Kanda iliendelea. Kilisikika kiti kikilia, kisha kikohozi kirefu. Halafu baba akasema, kwa sauti ambayo si ya kuhubiri, sauti aliyokuwa akiitumia zamani kumfunga mwanawe viatu:

"Mama Fundi, hapo mwisho pafute. Nimesema kwa hasira. Pafute, nikipumzika nitaanza upya."

"Nabonyeza wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, changa kuliko ilivyo sasa.

Kimya.

"Baba watoto, nabonyeza wapi?"

Baada ya hapo ilikuwa pumzi tu. Pumzi nzito ya mgonjwa aliyelala, inavuta, inasita, inashusha. Fundi alikaa akiisikiliza. Alisikia mama akiondoka, mlango, ndoo. Pumzi iliendelea mpaka utepe ukafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe. Wembe ulikuwa palepale. Jina alilomsikia baba akilitamka, Mama Fundi, lilimchoma kuliko yote. Alikuwa hajajua kwamba baba alishaanza kumwita mama hivyo, kwa kazi ya mwanawe aliyemfukuza.

Alifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Mama alikuwa amekaa jikoni, mikono mitupu mapajani, na kwa jinsi alivyomtazama ilikuwa wazi kwamba alikuwa akimngoja tangu asubuhi.

"Umeisikiliza."

"Alikwambia ufute."

"Aliniambia."

"Miaka yote hii, mama! Unaniona silali. Unanipikia chai na kuona macho yangu yalivyo!"

"Sikujua pa kubonyeza." Mama alishika pindo la kanga. "Niliogopa nitamfuta mzima. Nikasema akiamka atanionyesha. Hakuamka, mwanangu. Ile pumzi unayoisikia, kanda ilikwisha kabla yake. Mimi sijawahi kuipita ile Amina, siwezi."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Baadaye je? Mimi ni fundi. Ungeniambia tu, ningekuonyesha kitufe."

Mama aliongea kama mtu anayevua nguo yenye miiba. "Baadaye nilikuona umerudi. Unapiga magoti karibu yangu, unakula nyumbani, umeoa nyumbani. Nikasema ni ile sala inamshikilia. Hapati usingizi, lakini ninaye. Nikaogopa ukilala utaondoka." Alifunika uso kwa kanga. "Mungu anisamehe, nilijua ni uovu na kila asubuhi nilisema Amina kuliko ninyi wote."

Fundi alitamani kupiga kelele, avunje kitu. Lakini alimwona mama alivyokuwa mdogo pale kitini, na hasira ikakosa pa kukaa. Mlangoni mkewe alikuwa amesimama, amesikia yote, mkono kiunoni.

"Umeyakata maneno yale?" aliuliza mke.

"Sijakata."

Alfajiri walipiga magoti kama kawaida. Sauti ilikuwa safi, haikuvutika popote. Iliwapita wagonjwa, ikawapita majirani na wanafunzi, ikafika kwa mwana wa kwanza. Ilipotamka Amina, Kitinda aliitikia peke yake, akashangaa kwa nini wengine wamenyamaza. Mkono wa mama ulikuwa juu ya kitufe. Ulibaki hewani.

Hapo mwisho pafute, alisema baba. Nimesema kwa hasira.

Kitinda aliinua uso, macho yamemtoka. Mama alilia bila sauti. Kisha maneno yakaisha, na chumba kikajaa ile pumzi, inavuta, inasita, inashusha, na wote wakaisikiliza kwa woga, wakingoja isirudi, nayo ikawa inarudi.

Mke wa Fundi ndiye aliyegundua kwanza. Pumzi zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwenye redio. Nyingine ilitoka kwenye kiti kilicho karibu naye, ambako mumewe alikuwa amelalia mto, kinywa wazi, mikono imelegea sakafuni. Alimtazama mama mkwe, akaweka kidole mdomoni. Mama aliitazama kanda, ambayo utepe wake ulikuwa unaelekea ukingoni, mahali ambapo kitufe kingeruka kwa kishindo. Aliviringisha kanga yake mkononi, akaikandamiza taratibu juu ya kile kitufe, akangoja.